Kabla hujakubali nyumba ya mbali

Dada mmoja wa Bukavu, tuliyefahamiana hapa Peckham tangu watoto wetu wakiwa chekechea, amepewa nyumba. Kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, imempa siku chache za kujibu. Nyumba yenyewe iko nje kabisa ya London, kwenye mji wa pwani ambao hajawahi kuukanyaga: vyumba vitatu, bustani nyuma, hakuna ngazi za kupanda. Sasa hivi anaishi na wanawe wawili wa kiume katika chumba kimoja cha hosteli, jiko wanachangia na familia nyingine. Aliponipigia simu alikuwa analia kwa furaha, halafu sauti ikashuka. "Dada, niende ao nibakie?"

Sikumjibu palepale. Mimi ni mhudumu kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, kusini mwa London, zamu zangu nyingi ni za usiku, na swali lake limegusa jambo lililonikaa moyoni muda mrefu. Naliandika hapa kwa sababu hayuko peke yake. Kila nikikutana na watu wetu nasikia familia nyingine imehamishwa, ya Wakongo, ya Wasomali, ya watu wa Mombasa, na wote tunapongezana kwa idadi ya vyumba. Hakuna anayeuliza mtaa ukoje.

Habari za wagonjwa sitazisimulia, ni zao wenyewe. Nitasema tu kile ambacho yeyote anayefanya kazi kama yangu anakiona. Wanaoletwa kwa mara ya kwanza ni vijana, wengi wa kiume, na wengi ni weusi kuliko unavyoweza kutarajia ukiangalia watu wanaopita barabarani. Wanafika wakiwa hawajalala kwa siku nyingi, wanasikia sauti za watu wasioonekana, wanaamini jirani wa juu anawapulizia sumu kupitia dari. Kazi yangu ni kukaa na mgonjwa anayehitaji uangalizi, kumletea chai, kumsikiliza. Na usiku ukiwa mrefu huwa nauliza swali ambalo halimo kwenye fomu: unakaa wapi, na hapo unapokaa nani anakufahamu? Swali la kwanza wanalijibu. La pili wengi wananyamaza.

Watu wetu wakisikia mtoto wa fulani amechanganyikiwa, majibu yako tayari. Bangi. Karogwa. Kwao wana kichaa cha ukoo. Bangi kweli imo, sitaki kumdanganya mzazi yeyote: utafiti uliofanyika hapahapa kusini mwa London na kuchapishwa mwaka 2015 ulikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa wapya wa saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, walihusiana na ile bangi kali wanayoiita skanki. Damu nayo imo. Skizofrenia, ile saikosisi nzito inayodumu, inatembea katika familia, na mwenye mzazi au ndugu mgonjwa ana hatari zaidi. Lakini kuna jambo ambalo bangi na damu haviwezi kulieleza, na ndilo ninalotaka ulisome taratibu.

Kati ya 1997 na 1999 watafiti walihesabu watu wote waliougua saikosisi kwa mara ya kwanza na kufika kwenye huduma katika kusini-mashariki ya London, Nottingham na Bristol. Kwa watu wenye asili ya Karibiani, skizofrenia ilikuwa mara tisa ya ile ya Wazungu wa Uingereza. Kwa Waafrika weusi, karibu mara sita. Ingekuwa ni damu tu, visiwa vya Karibiani vyenyewe vingejaa wagonjwa. Frederick Hickling, daktari wa akili wa Kijamaika, alikwenda kuhesabu kwao Jamaica, na wengine wakahesabu Trinidad na Barbados katika miaka hiyohiyo ya 1990. Hawakukuta hata dalili ya mara tisa. Na huku Uingereza watoto waliozaliwa hapa, ambao hawajawahi kupanda ndege wala kukimbia vita, wanaugua kwa wingi uleule wa wazazi wao au zaidi. Kwa hiyo si safari peke yake. Ni kitu kinachowapata watu hapa, wakiwa wameshafika, wakiwa wamepanga, wakiwa na funguo mkononi.

Wapo wanaosema ni madaktari Wazungu wanaomwona mtu mweusi kichaa kabla hajafungua mdomo. Sehemu ya hilo ni kweli, na linaniuma. Mtu mweusi nchini humu ana uwezekano zaidi ya mara tatu ya Mzungu kulazwa kwa nguvu ya sheria. Ila mimi nimekaa na vijana hao saa nane za usiku. Mateso yao hayakuandikwa na daktari. Kijana anayeziba matundu ya hewa kwa tishu kwa sababu anaogopa sumu ni mgonjwa, hata awe mbele ya daktari wa rangi gani.

Sasa tuje kwenye mtaa. Camberwell ni mwendo mfupi wa basi kutoka kwangu. Mwaka 2001 ulitoka utafiti uliochukua kata 15 za eneo hilo na watu walioanza kuugua katika kipindi cha miaka kumi, 1988 hadi 1997. Watafiti waliuliza swali la ajabu kidogo: je, kwa mtu asiye Mzungu, kuna tofauti akiishi kwenye kata yenye watu wengi wa aina yake au yenye wachache? Pale walipokuwa wengi, hatari yao ya skizofrenia ilikuwa kama mara 2.4 ya Wazungu. Kata za katikati, mara 3.6. Kwenye kata ambako walikuwa wachache kabisa, mara 4.4.

Jiji lilelile, hospitali zilezile, mvua ileile. Kilichobadilika ni nani anaishi mlango wa pili.

Ungeweza kusema ni bahati ya London. Lakini huko Uholanzi, mjini The Hague, walihesabu wagonjwa wapya kuanzia 1997 hadi 2005 miongoni mwa Wamoroko, Wasuriname na Waturuki. Waliokaa kwenye mitaa yenye wachache wa kwao walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya Waholanzi. Waliokaa kati ya watu wao, tofauti na Waholanzi ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kuthibitishwa. Na mitaa hiyo ya wahamiaji, kama hapa, mara nyingi ndiyo maskini zaidi, yenye nyumba chakavu na kelele. Kwa hesabu ya vyumba na bustani, wale wa mtaa mzuri ndio waliokuwa na neema.

Kwa nini iwe hivyo? Nitasema ninavyoona mimi. Tuseme kijana anatembea, anahisi mtu kamwangalia vibaya. Hapa Rye Lane, kwenye maduka ya muhogo na ndizi, saluni, misikiti na makanisa ya ghorofani, atamwuliza mwenzake, "Hivi yule kanikodolea macho au ni mimi?" Na mwenzake atamwambia, "Achana naye, ana haraka zake." Au atamwambia, "Ndiyo, mbaguzi huyo, mimi pia kanifanyia hivyo jana." Majibu yote mawili ni dawa. La kwanza linaondoa shaka, la pili linamthibitishia kwamba macho yake ni mazima. Sasa mweke kijana huyohuyo kwenye mtaa ambako yeye ndiye mweusi pekee. Macho yanayomfuata mengine ni ya kweli kabisa, mengine si ya kweli, na hana mtu wa kumsaidia kuyachambua. Kila shaka analala nayo peke yake. Asubuhi imekua.

Kuna jambo la pili, la kawaida sana. Nani atagundua kwamba halali? Mama yake yuko kazini, anafagia ofisi kuanzia saa kumi za alfajiri. Mtaa wenye watu wako una mama wa rafiki yake anayeona taa ya chumba haizimwi, una kinyozi anayeshangaa mbona kijana kaacha kuja, una maalimu wa madrasa anayempigia baba simu. Watu hao hawana cheti chochote cha afya, lakini wanaona mapema. Kwenye wodi tunampata mtu baada ya miezi ya kuharibikiwa, na kila mwezi unaopita bila matibabu unafanya kurudi kuwe kugumu zaidi.

Mimi nimezaliwa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Barazani kwa bibi yangu hukuweza kupita bila shikamoo, na ukipita bila shikamoo habari inafika nyumbani kabla yako. Tulikuwa na balozi wa nyumba kumi ambaye alijua nani kalala na njaa na nani kampiga mkewe. Barabara yetu ilikuwa na mtu mmoja, mzee kidogo kuliko baba, aliyezungumza peke yake na kuvaa makoti matatu jua likiwaka. Jina lake lilijulikana na kila mtu. Mama lishe alimwekea sahani. Akizidiwa, wanaume wanne wa mtaa ndio waliompeleka Lutindi, kule milimani Korogwe, na wakamfuata kumrudisha alipopata nafuu.

Lakini watoto walimrushia mawe, na mimi niliyaona. Wazazi wake walisimangwa kwamba wamekula fedha za majini. Dada yake hakupata mchumba kwa sababu ya "ukoo ule". Kwa hiyo sisemi kwamba ujirani wa kwetu ni pepo. Jicho la jirani linalogundua mapema ndilo hilohilo linaloleta aibu, na hata hapa London nazijua familia zinazomficha mgonjwa chumbani kwa sababu tu jumuiya itajua. Mama mmoja aliniambia waziwazi alihama ili watu wasimwone mwanawe. Nilimwelewa. Ukiniuliza mimi, hata hivyo, aibu tunaweza kupambana nayo kwa kuzungumza, msikitini, kanisani, kwenye kitchen party, popote. Upweke wa kijana asiyejulikana na mtu yeyote mtaani kwake hauna mahali pa kuuanzia.

Niseme pia kuhusu jiji lenyewe, maana wapo wanaodhani tatizo ni miji, na kwamba ukihamia mji mdogo wa pwani unapona kwa upepo wa bahari. Ni kweli kwamba huko Denmark, walipofuatilia karibu watu milioni mbili, waliokulia jiji kuu miaka yao 15 ya kwanza walikuwa na hatari ya skizofrenia mara 2.75 ya waliokulia vijijini. Lakini mwaka 2018 watafiti waliangalia takwimu za Shirika la Afya Duniani kutoka nchi 42 za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya watu 215,000, na wakakuta kuishi mjini hakuendi pamoja na dalili za saikosisi. Jiji haliumizi kila mahali. Ndiyo maana sipendi hukumu ya "jiji" kwa jumla. Napenda tushuke mpaka kwenye ngazi ya jengo, korido, kituo cha basi.

Kuna hoja nyingine ya zamani, na ina uzito. Mwaka 1939 wanasosholojia Robert Faris na Warren Dunham walichapisha ramani yao ya Chicago, wakionyesha kwamba skizofrenia inajazana kwenye mitaa ya katikati, ya vyumba vya kupanga na watu wanaohamahama, na inapungua kadiri unavyoelekea pembezoni. Wapinzani wakasema: mtaa haukuwaumiza, wao walipoanza kuumwa walipoteza kazi wakaporomokea huko. Hilo linatokea, ninaliona kila wakati wagonjwa wanaporuhusiwa: hawana pa kwenda, wanapangiwa chumba popote kilicho rahisi. Lakini haliwezi kueleza kirahisi Camberwell, ambako hatari ilipanda pale walipokuwa wachache.

Na sasa jambo linalonitia hasira. Pale Elephant and Castle palikuwa na magorofa ya Heygate, yaliyokamilika 1974, zaidi ya nyumba 1,200. Kwa macho ya mpita njia yalikuwa zege tupu. Kwa waliokaa humo ilikuwa korido ambayo mtu anajua mlio wa mlango wa kila jirani. Yalibomolewa kati ya 2011 na 2014, yakajengwa maghorofa mapya ya bei ambayo wengi wao wasingeweza kuilipa, na watu wakatawanyika kusini mwote mwa London na nje yake. Kwenye makaratasi, familia imehamishwa kutoka A kwenda B, kazi imekwisha. Hakuna safu ya kuandika kwamba bibi wa Ghana aliyekuwa akiwalea watoto wa jirani mgonjwa sasa anaishi saa moja na nusu kutoka kwao. Uhusiano ule ulikuwa unafanya kazi ya muuguzi bila mshahara. Ukiuvunja, gharama yake itakuja kulipwa wodini, na inakuja.

Haki inanidai niseme na upande wa pili, kwa sababu huyu dada ana watoto wa kiume na nimewaza sana juu yao. Marekani walifanya jaribio kubwa kuanzia 1994, katika miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Familia kama 4,600 za kwenye magorofa ya umaskini mkubwa ziligawanywa kwa bahati nasibu, nyingine zikapewa hati za kuhamia mitaa yenye unafuu, nyingine hazikupewa. Miaka ilipopita, akina mama waliopata hati walikuwa na nafuu ya mawazo na sonona. Binti zao pia walipata nafuu. Vijana wa kiume mambo yalikwenda kinyume: walionyesha sonona zaidi, na alama za kiwewe zaidi, kuliko wale ambao familia zao hazikupewa hati. Mama analala vizuri kwa mara ya kwanza, na mwanawe ndani ya nyumba hiyohiyo anazama. Nikisoma matokeo hayo nawaona wale wavulana wawili wa Bukavu, mmoja ana miaka kumi na minne, anacheza mpira Burgess Park kila Jumamosi na anajulikana kwa jina la utani na nusu ya uwanja.

Kwa hiyo nilimwambia nini? Sikumwambia abaki. Chumba kimoja cha watu watatu kinaua pia, na mimi silali humo. Nilimwambia asijibu kabla hajajua mambo kadhaa ya huko anakopelekwa. Je, kuna kanisa la watu wanaosali kwa lugha anayoielewa, na linafikika kwa miguu siku ya Jumapili ambapo mabasi ni machache? Shule ina watoto wangapi weusi? Si kwa ajili ya kujitenga. Ni ili mtoto asiwe peke yake darasani na uwanjani kwa miaka minne. Nauli ya kurudi Peckham ni kiasi gani, na atamudu mara ngapi kwa mwezi? Je, yupo hata mtu mmoja kwenye mji ule anayeweza kumpigia simu saa sita za usiku? Nilimwambia aende siku ya kazi, alasiri, watoto wanapotoka shule, akae kituo cha basi cha mtaa ule kwa saa nzima. Aone kama kuna anayemsalimia, na aone wanavyowaangalia vijana wa umri wa wanawe.

Na nilimwambia jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kwa sheria ya makazi ya Uingereza, kaunsili iliyokubali kwamba ina wajibu wa kukupa makazi haiwezi kukutupa popote bila kuangalia maisha yako. Kanuni za mwaka 2012 zinaitaka izingatie umbali, kazi yako, shule ya watoto, matibabu, na msaada unaoutegemea. Ukiona nyumba haikufai unaweza kuomba uamuzi upitiwe upya, kwa kawaida ndani ya siku 21, na unaweza kuikubali nyumba huku ukiomba hivyo. Kukataa moja kwa moja ni hatari, maana kaunsili inaweza kusema imemaliza wajibu wake na ukabaki nje. Usifanye lolote kati ya hayo kabla ya kupata ushauri. Mashirika ya Shelter na Citizens Advice yanatoa ushauri bure, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili usione haya.

Juzi jioni tulikaa kwangu tukaandika barua yake kwa kaunsili. Ukurasa wa kwanza ni wa kawaida: kazi, shule, daktari. Wa pili tulijaza watu. Mama wa ghorofa ya chini anayewafungulia watoto mlango mama yao akiwa zamu. Kocha wa mpira. Mzee wa kanisa anayempeleka mdogo hospitali kwa pumu. Mimi. Kila mmoja tukaandika anafanya nini, siku gani, na nini kitatokea asipokuwepo. Kama uko kwenye hali kama yake, niandikie. Nitakutumia muundo wa ule ukurasa wa pili, uweke majina ya watu wako.